Risala ya Kuisifu Barua ya Kuahirisha Mechi



Katika mpira wetu washambuliaji husifiwa, makipa husifiwa, na waganga nao husifiwa chini kwa chini. Yupo mmoja ambaye hajawahi kukabidhiwa hata tuzo ya mchezaji bora wa mwezi, naye ni barua ya kuahirisha mechi. Umbo lake mnalijua: nembo juu, muhuri chini, na katikati aya mbili zinazoeleza kwamba tarehe mpya itatangazwa baadaye. Imeniandama miaka mingi kuliko beki wa pembeni anavyomwandama winga, na mtu akikuandama kiasi hicho mwisho wa yote unamvulia kofia.

Kwanza, uwezo wake. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, hakuna mchezaji anayeweza kuwanyamazisha wote. Akifunga wa Yanga, nusu wanaruka na nusu wanainamia viatu vyao. Akifunga wa Simba, hivyohivyo kwa upande wa pili. Barua huwainamisha wote kwa mpigo, na haijawahi kuotea. Machi 8, 2025 ilifanya kazi hiyo siku yenyewe ya mechi, watu wakiwa wameshavaa.

Pili, haibagui. Mwenye tiketi ya VIP na mwenye tiketi ya mzunguko wanarudi nyumbani wakati mmoja, kwa foleni moja.

Lakini fadhila yake kubwa, na hapa naomba msinikatishe, ni elimu. Kabla ya Machi 8 kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua sheria, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na hakuna aliyemuuliza kitu. Halafu yakatokea yale mnayoyajua. Usiku wa kuamkia mechi, Simba wakatoa taarifa kwamba wamezuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, kwamba kanuni inampa mgeni haki hiyo, na kwamba kwa hiyo hawachezi. Yanga wakasema wao wanacheza, na siku ya pili wakaenda uwanjani kama ratiba inavyosema. Katikati ya hao wawili ikatua barua.

Jumatatu asubuhi fundi viatu wetu, ambaye Ijumaa alikuwa akibishania urefu wa kipa, alikuwa anataja kanuni ya 17 na kifungu chake bila kukwama. Mtu alipeleka kijitabu cha kanuni steshenari, akatoa kopi ukurasa mmoja, na ukurasa ule ukazunguka kijiweni mpaka ukawa unang'aa mafuta ya vitumbua. Niliushika kwa mikono yangu. Watu wa Simba walikuwa wamepigia mstari aya moja kwa kalamu nyekundu. Watu wa Yanga walikuwa wamepigia mstari kwa kalamu ya bluu, aya ileile. Kila upande uliuonyesha ukurasa huo kama ushahidi kwamba mwenzake hajui kusoma.

Elimu haikuishia kwenye sheria za nyumbani. Yanga walipolipeleka shauri lao kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, somo likawa jiografia. Watu ambao hawajafika Kibaha wakawa wanaijua Lausanne, wanajua iko Uswisi na kwamba iko kando ya ziwa, na muuza kahawa akataka kuambiwa kama ziwa hilo lina sangara. Mahakama ilipowarudisha Yanga wakamalizane kwanza na vyombo vya nyumbani, tukaingia somo la ngazi za rufaa: kamati hii iko chini ya ile, ile iko juu ya nyingine, na nani anamrudishia nani jalada. Dereva wa bodaboda alimwacha abiria amekaa juu ya pikipiki, helmeti kichwani, mpaka amalize hoja yake ya tatu. Wanaosoma sheria vyuoni hulipa ada miaka na miaka. Sisi tulihitimu kwa siku 109, maana mechi ile ilikuja kuchezwa Juni 25, baada ya kupangwa Juni 15 na kusogezwa tena. Hebu nitajieni bao lililowahi kuwapa watu elimu ya miezi mitatu na nusu. Bao zuri kabisa hujadiliwa mpaka Jumanne.

Somo la historia nalo lilikuwemo, ingawa kijiwe hakikulipenda. Mei 8, 2021 mechi ya watani hao hao ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa siku hiyohiyo hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja saa 11, wakatazama nyasi, wakaondoka zao, wakisema kanuni haziruhusu muda kubadilishwa kienyeji namna hiyo. Simba wakaja kwa saa mpya. Mechi ikaahirishwa, ikachezwa Julai 3. Wakati ule wa Simba ndio waliokuwa wakipiga kelele kwamba aliyeondoka anyang'anywe pointi, na wa Yanga ndio waliokuwa walinzi wa kanuni. Mwaka 2025 wakabadilishana hotuba neno kwa neno. Hata kupiga meza walikopeshana. Mzee karani aliwakumbusha jambo hilo mara moja, akaambiwa anywe kahawa yake.

Fadhila nyingine nazipitia haraka, jua linazama. Barua humlinda mwamuzi, kwa kuwa siku ya barua mama yake hatukanwi. Hulinda rekodi ya kipa. Hurudisha waume nyumbani mapema, jambo ambalo si wake wote wamelishukuru. Tena hurudisha ujana: mashindano ya CHAN ya mwaka 2024, tuliyoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, yaliahirishwa Januari 2025 zikiwa zimebaki wiki chache, yakachezwa Agosti. Anayeangalia kikombe kile kimeandikwa 2024 anapungua mwaka mmoja papo hapo. Na tusiione kuwa ni ya kwetu tu. Septemba 2022 Waingereza walisimamisha ligi yao wikiendi nzima kwa msiba wa Malkia Elizabeth, mabanda umiza ya huku yakakosa cha kuonyesha. Barua za namna hiyo, pamoja na ile ya Machi 2020 ya korona, siziingizi kwenye risala hii. Kifo na ugonjwa havina ratiba.

Mechi ya watani inayo. Hapo ndipo sifa zinaponikauka mdomoni. Mechi ya Machi 8 haikuzuka usiku. Ilijulikana, ilitangazwa redioni, tiketi ziliuzwa. Klabu zote mbili ziko Kariakoo, Jangwani na Msimbazi ni mwendo wa miguu, na unaweza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake kabla chai haijapoa. Ikiwa kuna ugomvi wa nani anakanyaga nyasi saa ngapi, watu wazima wenye simu na magari ya kazi wanashindwaje kuumaliza usiku uleule? Saa sita ya usiku ule mtu wa Songea yuko ndani ya basi, magoti yameshika kiti cha mbele, jezi mpya kwenye mfuko wa rambo. Amekopa kwenye kikoba. Amemwambia bosi wake kuna msiba. Anashuka stendi ya Magufuli alfajiri akiimba, na mchana anaisoma barua kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu ya kwake imeisha chaji.

Na mama lishe wa jirani na uwanja? Yule kanunua mchele, nyama na maharage kwa mkopo kwa ajili ya siku moja. Wali ukishapikwa hauahirishwi. Hajaomba kikao na kamati yoyote, hana wakili, na katika barua zote nilizosoma sijaona aya inayomtaja. Radhi huombwa kwa wadau wote kwa ujumla, na ukiombwa radhi kwa ujumla hujui ukadai wapi.

Waliokosea ratiba wana mshahara mwisho wa mwezi. Waliogoma wana wadhamini. Waliosaini wana posho ya kikao, tena kikao cha dharura. Anayelipia barua hii toka mwanzo hadi mwisho ni yule ambaye haikuandikwa kwake. Nasi mashabiki tunawasaidia, kwa sababu kila barua inapotoka nusu yetu, tukishainua vichwa, tunashangilia: tumeponea chupuchupu, beki wetu namba nne alikuwa majeruhi. Kwa kuwa daima ipo nusu inayoshangilia, wenye kalamu hawajawahi kuzomewa na uwanja mzima. Wakizomewa na wa kijani wa Yanga wanapigiwa makofi na wekundu wa Simba, na msimu mwingine kinyume chake. Kwa hesabu hiyo hakuna anayejiuliza kama barua ingeweza kuandikwa Jumatano.

Nihitimishe kwa ombi moja, wala si la fedha. Mechi ikiwa Jumamosi, barua itoke kabla ya Alhamisi jioni, mabasi ya mikoani hayajaondoka. Ikishindikana, basi aliyeisaini afike mwenyewe stendi ya Magufuli alfajiri ya Jumamosi, asimame penye mlango wa basi la Songea, awasomee abiria kwa sauti wanaposhuka. Na aje na chenji.