Boneti Haijui Umuganda

Kigali hufagiwa alfajiri. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka na majembe kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kunguru peke yao hawajapata tangazo.

Mheshimiwa katoa gari kuoshwa, likapigwa nta, hata nati za magurudumu zikasuguliwa. Kisha kaliegesha chini ya mti, kisa kivuli! Adhuhuri boneti imeshatiwa sahihi. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikipikwa na jua hula rangi. Dawa yake ni kukilowesha kwa maji mapema. Yeye anatoa kitambaa kikavu na kusugua kwa hasira, huku vumbi jekundu la kiangazi, lile la Juni hadi Agosti, likifanya kazi ya msasa.

Sasa kanunua turubai. Jioni hulivuta juu ya vumbi lile lile, upepo ukalitikisa usiku kucha.

Afadhali ile Jumapili ya siku bila magari, iliyoanza 2016: barabara kadhaa hufungwa asubuhi, naye hubaki uani akilipangusa gari lisilokwenda popote.