Baba Keki

Tangu Jumamosi watoto wa Magindu hawaniamkii vizuri. "Shikamoo, Baba Keki!" halafu hao, mbio. Wakubwa wao, badala ya kuwakaripia, wanageukia ukutani mabega yakitetemeka. Jana mama wa genge alinifungia nyanya, akaniuliza kwa upole kama naondoka nazo au namzawadia mtu.

Hatia yangu ni hii: nilinunua kitu, nikalipa taslimu, nikaenda nacho nyumbani.

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya kata huku Pwani. Jina lake nalisitiri, maana kijana wangu bado ana mtihani wa kufanya. Ndiyo, bado. Mahafali yetu ni Septemba au Oktoba, mtihani wa Taifa ni Novemba, matokeo ni Januari. Tunapiga ngoma ya mavuno mahindi yakiwa na mbelewele. Na hiyo Januari, siku yenyewe ya kucheka au kulia, hakuna turubai wala spika: kila mzazi na simu yake, anatafuta namba ya mtahiniwa huku bando linakata. Zamani tulikuwa angalau na orodha ya kumi bora ya kuisikiliza redioni. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani likaiacha nayo.

Sasa keki. Mtu asikudanganye kwamba mnada wa keki ya mahafali unauza keki. Nimeufikiria tangu Jumamosi, usingizi wenyewe haupo, na nakiri aliyeubuni ni fundi. Wasichana wawili wenye majoho wanaizungusha kwenye sinia. Mshereheshaji anafungua kwa elfu ishirini. Anainuka mzazi, DJ anaachia singeli, mashangazi wanamsindikiza mbele wakikata viuno, analipa, anapigwa picha na keki yake. Kisha anatamka: "Namzawadia mkuu wa shule!" Mkuu wa shule anaipokea kwa mikono miwili, anaongeza elfu kumi ya heshima, anairudisha kwa wazazi. Mnada unaanza upya, keki ile ile. Inakwenda kwa mwenyekiti wa bodi, inarudi. Inakwenda kwa matroni, inarudi. Unga wa kilo moja na sukari ya buluu iliyokwisha kuyeyuka kwa joto unauzwa mara tano, na hakuna aliyelamba hata kidole. Kinachouzwa ni nafasi ya kuonekana unatoa. Ndiyo maana bei haipandi kwa utamu, inapanda kwa jirani: shemeji akitaja thelathini, wewe utakaaje na ishirini na tano? Mshereheshaji hodari hahangaiki na mikono iliyoinuliwa. Anaangalia nani anamtazama nani.

Mimi haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile niliona keki inauzwa. Nilitaja elfu sitini na tano, shangwe zikalipuka, nikalipa.

"Na mzee wetu anamzawadia nani?"

"Mke wangu."

Vigelegele! Mama watoto akaja mbele kwa madaha, kanga mpya, akaipokea.

"Na mama anairudisha kwa...?"

"Nyumbani," alisema mke wangu, kwa sauti ambayo spika iliifikisha mpaka kwa wauza ubuyu nje ya geti.

DJ akazima singeli. Mgeni rasmi akachunguza saa yake. Mshereheshaji, aliyelipwa kutupamba, akatangaza: "Wazazi, tuwapishe, kuna familia imekuja na njaa."

Tulipakizana mshikaki kwenye bodaboda, keki katikati, na tulipofika Magindu ile buluu ilikuwa imegeuka rangi ya barabara. Tukawakatia watoto wa jirani. Ndio hao hao wanaoniita Baba Keki.

Joho la kukodi la kijana wangu lilifumuka bega. Mpiga picha kanitoa bila kichwa.

Ningemeza yote hayo kama si risala. Wanafunzi walisoma kwamba maabara haina vifaa, walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi, bweni la wasichana halijakwisha. Mgeni rasmi akaahidi mifuko hamsini ya saruji, ukumbi mzima ukasimama. Mwaka jana mgeni rasmi mwingine aliahidi mabati ya bweni hilo hilo, tukasimama vilevile. Bweni limekomea kwenye lenta, mbuzi wanajikinga jua humo. Wasichana waliotoka mbali wanapanga vyumba mtaani, geto, umri wa miaka kumi na sita, mlango wa bati, na kila mtu mzima pale anajua yanayowapata. Shule za kata zilipoenea kuanzia 2004, matofali tulifyatua sisi, maji na mchanga walibeba mama zetu. Januari 2016 ada ikafutwa, michango ya lazima ikapigwa marufuku, nikafurahi kama wenzangu. Tangu hapo haja ya shule inabidi ipakwe krimu kwanza ndipo isikilizwe. Aliyeahidi anapigiwa makofi akiwa bado hajatoa kitu. Aliyelipa papo hapo, fedha ikaandikwa daftarini, ndiye kichekesho cha kata.

Jumatatu mjumbe wa kamati ya mahafali alinipigia. Alizunguka sana, mvua, mifugo, afya ya mama watoto, kisha akaniomba niirudishe keki, hata kwa mdomo tu, ili taarifa ya mnada ikae sawa. Nilimwambia keki imeliwa lakini risiti ninayo. Mabati ya mwaka jana yakishapigiliwa, nitaileta na risiti, waiuze nayo.