Sifa za Mlio wa Simu

Nzi alishapata mtu wa kumsifu. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata alikaa kitako akaandika sifa za nzi: mabawa yake, ushujaa wake, na jinsi anavyokula meza moja na wafalme bila kualikwa. Mwaka 1511 Erasmus akachapisha sifa za upumbavu. Mlio wa simu, ulio nzi na upumbavu kwa pamoja, mpaka leo hauna mshairi wala wakili. Basi kazi hiyo naichukua mimi, mkazi wa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, nikiomba radhi mapema, maana tangu nianze aya hii nimeshaitwa mara tatu na kitu kinachotetema mfukoni.

Mtauliza kwa nini sifa hizi zitoke Rusizi na si Kigali. Ni kwa sababu sisi tulikuwa na vichwa vilivyogawanyika hata kabla simu hazijafika. Shuka kutoka Kamembe mpaka Cyangugu ya chini, usogee karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza. Bukavu ipo hapo ng'ambo. Mtu akipiga chafya unaweza kumwambia pole. Hujatoa hata mguu nje ya Rwanda, na simu imeshapokea salamu: karibu Kongo, gharama ni hizi. Ndiyo maana wengi wetu tuna laini mbili, ya huku na ya kule. Mfukoni tuna faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola; mdomoni Kinyarwanda, Kiswahili, Kimashi na Kifaransa, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Redio ukiizungusha kidogo, unatoka Radio Rwanda unaingia Radio Okapi, iliyoanza kusikika ng'ambo mwaka 2002. Kiswahili chenyewe nchi ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, wakati sisi huku tulikuwa tumeshagombania nacho bei ya samaki miaka na miaka.

Mwangalie mama anayevusha nyanya asubuhi. Beseni kichwani, mtoto mgongoni, simu imebanwa kati ya kilemba na shavu, mkono mmoja una karatasi ya kuvukia, wa pili unahesabu chenji ya Kikongo, na huku anamjibu mteja wa Bukavu kwamba ndiyo, nyanya ni ngumu, hazijalainika. Hakuna nyanya inayodondoka. Wazungu wana neno lao la kufanya mengi kwa wakati mmoja, na lilianza kwa wahandisi wa kompyuta, kwenye maandishi ya IBM ya miaka ya 1960, likisimulia mashine. Na mashine zile, kusema kweli, hazikufanya mawili pamoja. Zilirukaruka kutoka hili kwenda lile kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mama wa nyanya naye hurukaruka hivyohivyo. Mimi nikiruka, naanguka katikati. Lakini mlio haunilaumu, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Unaniletea kingine cha kurukia.

Sifa yake ya pili ni ya kiuchumi. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza mwaka 1971 kwamba habari zikizidi, kinachopungua ni uwezo wa mtu kuzisikiliza, kwa kuwa huo ndio zinaoula. Wako waliosoma hapo wakahuzunika. Mimi nilifurahi. Umaskini tunaoujua huku ni wa aina nyingi, lakini huu ndio wa kwanza ambao bwana mkubwa wa New York na dereva wa bodaboda wa Kamembe, mwenye simu aliyoichomeka ndani ya kofia ya pikipiki, wanao kwa kipimo kimoja.

Tatu, mlio hauna ubaguzi. Simu yangu ina kundi la familia, kundi la mtaa linalotukumbusha kazi ya jamii ya umuganda, la ikimina chetu cha akiba, la harusi tatu (moja wenyewe wameshaachana, kundi linaendelea), la waliosoma pamoja, na la watu nisiowajua wanaonitakia asubuhi njema kwa picha ya waridi. Msiba, bei ya simenti, goli la dakika ya mwisho, vyote vinaingia kwa sauti ileile. Ting! Hakuna mkubwa wala mdogo. Zamani aliyeleta habari za kifo alibisha hodi, akaketi, akaombwa maji, akakohoa kwanza. Ukimwona tu anavyovua kofia ulijua.

Na hapa ndipo huruma ya mlio inapoonekana. Katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, simu yangu ililia usiku kucha. Picha, video za miaka mingine na nchi nyingine, maombi, uvumi, watu wakiuliza kama mpaka uko wazi. Katikati ya hayo kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dada yangu, binti wa shangazi, anayeishi Kadutu, huko Bukavu. Ulikuwa wa dakika 4. Nilikuwa na mengi ya kusikiliza, kwa hiyo nikabonyeza pale pa kuongeza kasi mara mbili, kama ninavyofanya siku zote. Akaniambia watoto amewalaza chini ya kitanda. Kisha akalia. Alilia kwa kasi mara mbili, sauti ya mbiombio kama ya katuni, na dakika 2 zikatosha. Nikamjibu kwa kidole gumba, nikafungua ujumbe uliofuata.

Nani mwingine angeweza kunipunguzia kilio nusu nzima?

Usiku, wavuvi wa Ziwa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakawasha taa juu ya maji. Sambaza, samaki wadogo ambao hata si wenyeji, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huifuata taa bila kuitwa. Nimewahi kusimama ufukweni nikiangalia taa zile, nikawaonea huruma, huku uso wangu nao ukimulikwa kwa chini.

Naona nimesifu vya kutosha, na ting! imenikumbusha deni. Wiki iliyopita nilikuwa nalipa mchele wa Bugarama kwa simu, faranga 12,000, huku nikisikiliza mpira na kusoma ugomvi wa kundi la harusi. Simu ilinitajia jina la mtu nitakayemtumia, ikaniuliza kwa adabu kama ndiye. Nikakubali. Siye. Muuza mchele bado ananisubiri. Wewe uliyezipokea, kama unasoma hapa, zile hazikuwa sadaka. Tafadhali usinitumie ujumbe, sitauona. Njoo ubishe hodi.