Friji Yenye Maneno

Ukipanga chumba ghorofani Joubert Park, jijini Johannesburg, ukakigawa kwa pazia na wenzako wawili, utakuta mpangaji wa nne ni friji kuukuu. Hachangii kodi, lakini usiku ndiye mwenye maneno mengi.

Ikianza kunguruma, mafundi huzaliwa papo hapo. Wa kwanza anaipiga kofi. Wa pili anatangaza kwamba gesi imekwisha, ingawa mara ya mwisho kushika spana alikuwa Tanga. Wa tatu anaulaumu mgao wa umeme wa mwaka 2023, kana kwamba friji ina kinyongo.

Kuinama kutazama, hakuna. Angeinama mtu, angeona mguu mmoja haugusi sakafu. Angeisogeza mbali kidogo na ukuta, nusu ya kelele ingekwisha. Ikiwa inakwaruza, huenda feni inagusa barafu: zima friji, barafu iyeyuke. Ikilia "tik" kila baada ya dakika chache na ubaridi haupo, huenda kompresa inashindwa kuwaka. Hapo mwite fundi wa kweli. Na ule mvumo laini? Umeme wa huku ni wa hezi 50, na mota haikuapa kunyamaza.

Sisi tulifanya uchunguzi wiki nzima, kwa vikao na lawama. Kilichokuwa kikilia ni kifuniko cha sufuria ya ugali tuliyoiweka wenyewe juu ya friji.

Friji ilikuwa nzima. Debe tupu lililokuwa likivuma ni sisi.