Sifa za "Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii"

Malenga wa pwani wamesifu masultani, majahazi, embe dodo na wanawake ambao hata hawakuwajibu. Sijasikia hata mmoja aliyeisifu meseji ambayo kila Mtanzania mwenye simu ameshaipokea, awe na kitochi au simu ya kupangusa, awe padri au mganga: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja," kisha majina mawili ya mtu usiyemjua. Mimi ni mwanachuo, nasoma Korogwe, kwetu ni Handeni, na sina jina katika ushairi wala katika kitu kingine chochote. Lakini deni la shukrani ni deni, na wenye sauti wamenyamaza.

Fadhila yake kuu ni kwamba inaamini nina hela.

Hili si jambo dogo. Mama ntilie wa karibu na stendi hanipakulii maharage mpaka aione noti. Konda wa Coaster za Handeni ananidai nauli gari halijatoka, wakati mzee mwenye kitambi aliyekaa mbele hasumbuliwi mpaka Misima. Mwenye nyumba yangu hunisalimia kwa kunitajia tarehe. Mjomba, ambaye ndiye wizara yangu ya fedha, kila mwisho wa mwezi simu yake huishiwa chaji. Katika watu wote wenye namba yangu, ni mmoja tu anayenichukulia kuwa mtu mwenye akiba, na huyo mmoja hajawahi kuniona.

Tena tazama anavyoamini. Hajauliza kama ninayo. Hajataka dhamana, hajataka barua ya mtendaji wa kijiji, hajataka nakala ya hati ya shamba. Kwake habari ya kuwepo kwa hela imekwisha, limebaki jambo dogo la namba. Siku ya kwanza meseji hii ilipoingia nilikuwa nimejilaza na uji wa jioni tumboni. Niliinuka, nikavaa shati.

Tangu hapo nimekuwa nikimjenga huyo bwana anayeandikiwa. Ana ghala la mahindi Mkata, na malori ya machungwa yanayoondoka Kabuku usiku ili yafike Dar es Salaam kabla ya jua. Anadaiwa, ndiyo, ila kwa deni la watu wazima: mdai wake hamfokei, hapigi simu mfululizo, hatumi mtoto mlangoni. Anamwachia amalize chai yake ndipo alipe. Kuna jioni za ugali na chumvi ambazo nimemwongezea bwana huyu mali, nikampa mashine ya kusaga Sindeni, nikamkalisha kwenye vikao vya harusi ambako jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya michango na hakuna anayethubutu kumuuliza atamalizia lini. Chuo nacho kimeahidi kunifanya mtu wa maana, lakini baada ya miaka mitatu na kwa ada. Meseji hii imenifanya bure, kwa maneno yasiyozidi kumi.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio. Haiombi "na ya kutolea", jambo ambalo ndugu wa damu hawajawahi kulisahau. Haili bando. Si ujumbe wa sauti wa dakika nne unaoanza na kikohozi. Hufika kijijini kwa bibi yangu, ambako ili kupata mtandao hupandwa kichuguu, na hufika ikiwa nzima. Haibagui chama wala dini. Hata ndugu zake wana adabu zao: yuko wa Freemason anayenikaribisha kwenye utajiri bila kuniuliza kabila, yuko mwenye nyumba wa bandia anayekumbushia kodi, na yuko mwalimu asiyekuwepo anayenijulisha kuwa mwanangu ameanguka darasani. Mtoto sina, lakini nilimhurumia.

Na hujitambulisha. Wezi wa ng'ombe hawaachi majina. Huyu anakutajia jina kabla hujatuma, na ukijaribu kutuma, hilohilo ndilo linalotokea kwenye kioo cha simu. Uwazi wa namna hiyo sijauona kwenye taarifa yoyote ya mradi wa maji, na sisi wa Handeni tumesomewa taarifa nyingi za miradi ya maji.

Hapo kwenye jina ndipo sifa zangu zinapoanza kukwama kooni.

Usajili wa laini si jambo la jana. Uliwekwa kwenye sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kisha ukaja usajili wa alama za vidole, uliofungwa kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, na siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020. Foleni zile hakuna aliyezisahau. Sababu tuliyopewa ilikuwa nzuri: kila laini iwe na mwenyewe, ili tapeli akituma meseji ajulikane ni nani. Kwa hesabu hiyo meseji ninayoisifu hapa ilitakiwa iwe imeshazikwa tangu niko kidato cha kwanza. Haikuzikwa. Imenawiri, na sasa ina jina kamili.

Bibi yangu alisajili laini siku ya gulio, chini ya mwamvuli wa mtandao ambao sitautaja. Ujanani alifanya kibarua cha kuanika singa kwenye korona ya mkonge, na miaka iliyofuata ikawa ya jembe la mkono, kwa hiyo hakushangaa mashine ilipomgomea. "Rudia, bibi." Akarudia. "Bado, weka tena." Akaweka. Kijana alikuwa mpole, alimfuta kidole kwa kitambaa, akamshika mkono kumwinua kwenye kiti. Bibi alirudi nyumbani akimwombea mke mwema.

Likizo iliyopita nilibonyeza *106# kwenye kitochi chake, nikaingiza namba yake ya NIDA. Zikaja laini ambazo bibi hajawahi kuzishika. Kumbe kidole kilikuwa kinasoma. Kilikuwa kinasoma kila mara.

Kwa hiyo huenda sasa hivi, mahali fulani nchini, mtu anaambiwa "jina litakuja", na jina linalokuja ni la mwanamke wa Kizigua anayelima mihogo na asiyejua kuandika meseji. Huyo ndiye mtuhumiwa tuliyepangiwa foleni ili apatikane.

Tapeli mwenyewe, wallahi, simchukii sana. Yeye angalau anajua kuwa ni mwizi. Wanaonikera ni waliosimama njiani na mikono misafi. Hela ikienda kwa tapeli, makato ya kutuma yanakatwa. Tapeli akiitoa kwa wakala, makato ya kutoa yanakatwa, na wakala anapata kamisheni yake. Mwaka 2021 serikali nayo ilisimama njiani hapohapo: kuanzia 15 Julai muamala ulitozwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, na hata viwango vilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, tozo haikuwa na jicho la kutofautisha karo na wizi. Aliyemtumia mama yake na aliyemtumia jambazi walichangia taifa sawasawa. Mnyororo mzima unalipwa, anayekosa ni mmoja. Naye akipiga simu huduma kwa wateja anapigiwa muziki, anaambiwa abonyeze moja, abonyeze tatu, asubiri, simu yake ni ya muhimu, mpaka dada mwenye sauti tamu anapomwambia kuwa hela imeshatolewa na kwamba anampa pole.

Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripotia meseji hizi, nami huripoti. Takwimu zao za robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya ulaghai, na sisi wa Tanga huzisoma kwa raha, tumeshampa tapeli kwao na kabila. Hatujiulizi kama laini inayopiga kutoka Rukwa haina kidole cha Handeni.

Dawa inayotangazwa kila siku ni elimu. Elimu kwa nani? Kwa bibi. Redioni anaambiwa asimpe mtu namba ya siri, apige simu kwanza kabla ya kutuma, awe macho. Ipo na kampeni iliyobatizwa Sitapeliki. Yote ni kweli, hata mimi nimemkalisha nikamfundisha, na amehitimu. Lakini semina ya kumfundisha kijana wa mwamvuli asichukue vidole vitano kwa laini moja sijaisikia. Wala ya bosi wake, aliyemkabidhi mashine na kumlipa kwa idadi ya laini, bila mshahara, halafu jioni akahesabu laini na asishangae kwamba gulio la watu wachache limezaa wateja wengi. Huyo hafundishwi. Huyo hudhamini semina, na fulana za semina zina nembo yake.

Nilikwenda kwenye duka la mtandao unaohusika kuomba laini zile zifungwe. Dada wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho, akasema inawezekana kabisa, ila mwenye laini aje mwenyewe, aweke kidole, kuthibitisha kwamba ni yeye. Nikamweleza juu ya miguu ya bibi, juu ya umbali, juu ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Akasema ndivyo mfumo ulivyo.

Jioni nilimkuta bibi uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikampa habari yote, pamoja na nauli. Aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha.

"Mume wangu," akasema, "si wanacho kidole changu? Waambie wakiweke wenyewe."