Namna ya Kukitoa Roho Kisanamu Bila Kukivunja

Nintendo walipoanza kuuza amiibo mwishoni mwa 2014, walimpa mnunuzi kisanamu cha plastiki kilichosimama juu ya kitako, na ndani ya kitako chipu ya NFC. Ukikigusisha kwenye kijiti cha Joy-Con, yaani kidhibiti, ya kulia ya konsoli ya Switch, mchezo unakitambua na kukutunuku upanga, vazi au farasi. Ni hirizi kabisa: nje ngozi na mshono, nguvu zote zimo kwenye maandishi yaliyokunjwa ndani, na mvaaji hatakiwi kuyasoma. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hawezi kuvaa hirizi bila kuifumua.

Anza kwa kununua vibandiko vya NFC vya kunakilia data za kisanamu. Chipu unayoitaka inaitwa NTAG215, na ina baiti 540 tu. Muuzaji atakuonyesha pia 213, ambayo ni ndogo, na 216, ambayo ni kubwa. Utaichukua 216, kwa sababu umelelewa kuamini kwamba kikubwa ni bora, na konsoli itaikataa. Rudi ununue 215. Zile za 216 usizitupe. Zitakusaidia kumfundisha unyenyekevu mwenzako atakayeanza baada yako.

Sasa shika simu uone kwa nini kunakili hivi hivi hakufai. Kila chipu ina namba yake ya baiti 7, iliyoandikwa kiwandani na isiyofutika. Data za kisanamu zimesimbwa na kutiwa saini kwa funguo zinazotokana na namba hiyo. Ukizihamisha zilivyo kwenda kwenye kibandiko kipya, namba haikubaliani na saini, na konsoli inakutazama kama karani aliyeletewa hati ya kiwanja yenye jina la mtu mwingine. Inabidi kwanza ufumbue data kwa namba ya zamani, kisha uzisimbe upya kwa namba mpya, na kwa hilo unahitaji funguo kuu za Nintendo wenyewe. Jumla yake ni baiti 160, chache kuliko herufi za aya hii. Programu kama TagMo hupakuliwa bila funguo hizo, kwa heshima ya sheria. Watumiaji wake wote wanazo, na hakuna anayemwuliza mwenzake kazipata wapi. Adabu ni kitu kizuri.

Unapoandika, usiitikise simu, usipokee simu ya shemeji, usipige chafya. Kurasa muhimu za chipu hufungwa baada ya kuandikwa na hazifunguki tena. Ukitaka kisanamu cha Link ukaandika cha Yoshi, basi una Yoshi wa maisha.

Kunakili ni kazi ya wanafunzi. Ufundi wenyewe uko kwenye kuhariri, na hapa mfano bora ni yule mbwa mwitu, Wolf Link, aliyetoka 2016 pamoja na The Legend of Zelda: Twilight Princess HD ya Wii U. Mwaka uliofuata, katika mchezo wa Breath of the Wild, ukimgusisha anakuja kukufuata porini na kukusaidia kupigana. Shida ni kwamba anakuja na mioyo 3, na jitu la kwanza mtakalokutana nalo linammaliza kabla hujachomoa upanga. Ili awe na mioyo 20, mwenye kisanamu anatakiwa kuwa na Wii U, awe na mchezo ule wa zamani, na ashinde pango zima la maadui akiwa katika umbo la mbwa mwitu. Ndipo idadi ya mioyo iandikwe kwenye chipu. Yaani ununue konsoli iliyokwisha kuachwa ili kulisha mbwa wa konsoli mpya. Mhariri hafanyi hivyo. Anafumbua data, anatafuta palipoandikwa idadi, anaibadilisha, anasimba, anatia saini. Mbwa anaamka na mioyo 20 na hana habari ya pango lolote.

Kuna pia hila ya wenye uchu. Breath of the Wild hukubali kila kisanamu mara moja kwa siku, na hukitambua kwa namba ya chipu. Kwa hiyo mtu hutengeneza Link kumi wenye namba kumi, akavuna zawadi kumi asubuhi moja. Ni kazi ya kihandisi ya kupendeza, na ingeweza kuepukwa kabisa kwa kusogeza mbele tarehe ya konsoli. Usimwambie mtu aliyekwisha nunua vibandiko.

Utaulizwa kama huu si wizi. Mimi machozi yangu kwa kampuni ni machache: farasi Epona tayari yumo ndani ya mchezo ulioulipia, na kinachofanywa na kisanamu ni kufungua zizi tu. Mtu anayejitengenezea nakala ya kisanamu alichokinunua, nisingempotezea usingizi. Anayechapisha seti nzima na kuiuza kama mali yake ni mchuuzi wa bidhaa bandia, hata akiziita kadi za mashabiki.

Mtu ninayempenda zaidi katika kazi hii ni yule mkusanyaji asiyefungua boksi. Kiwandani waliweka karatasi ya metali chini ya kitako ili asiwepo wa kusoma chipu dukani. Matokeo yake mwenye kisanamu halali, kinachong'aa kabatini kwa thamani yake yote, hawezi kukitumia mpaka achane boksi. Kwa hiyo anacheza kwa kibandiko, akikitazama kisanamu kupitia plastiki.

Mwisho, andika jina juu ya kila kibandiko kwa kalamu ya wino usiofutika, maana vyote ni duara jeupe moja. Wiki ya pili utaona mwandiko wako haupendezi, utachapisha picha. Kisha utataka vifuko vigumu vya kuhifadhia, kisha rafu ya kuvipanga. Hapo tayari una rafu nzuri, tupu kidogo, na duka la visanamu liko njiani kuelekea kazini.