Waheshimiwa wa Saa Moja Asubuhi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kusaka Vipaji vya Muziki,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA USAILI WA ALFAJIRI

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya familia, nawapongeza kwa tangazo lenu linalowataka waimbaji wote wawe wamefika ukumbini saa 1:00 asubuhi. Nchi hii imevumilia muziki wa usiku kwa muda mrefu mno. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na sijasikia bibi harusi aliyeomba taarab ianze wakati wa uji. Bendi ya DDC Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978, watu waliucheza mtindo wake wa Sikinde mpaka majogoo, wakarudi makwao wakipishana na wauza maziwa. Ninyi ndio wa kwanza kugundua kwamba sauti ya dansi huiva kabla ya chai.

Mpwa wangu ana miaka 20. Anaimba na bendi Ijumaa hadi Jumapili. Anashuka jukwaani saa nane za usiku, na mpaka vyombo vipakiwe na chochote kitolewe, adhana ya alfajiri inamkuta barabarani. Usaili wenu ni Jumatatu. Kwa akili zetu ndogo tulidhani kamati inayosaka waimbaji inajua waimbaji wako kazini saa ngapi.

Hata hivyo tulitii, tukaanza kumrekebisha kijana usingizi. Wataalamu wanasema saa ya mwili huchelewa kuliko wakati wote mtu anapokaribia miaka 20, kisha hurudi mapema kidogo kidogo kadiri anavyozeeka. Kwa hiyo, Mwenyekiti, mjumbe wa miaka 60 anayefumbua macho saa kumi alfajiri bila kuamshwa asijisifu kwa nidhamu; umri ndio unaomwamsha. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, na uchunguzi wenyewe waliufanya kwa inzi wa matunda. Inzi kachunguzwa anaamka saa ngapi. Mwimbaji kabandikiwa tangazo. Jimbo la California nalo lina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022: sekondari, isipokuwa baadhi ya zile za vijijini, zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Na hao ni wanafunzi, hawajakesha na bendi.

Dawa ipo, na tumeitumia. Kahawa ya kijiweni ikome mchana. Jioni taa zipunguzwe na simu iwekwe mbali, jambo lililotaka kuvunja udugu. Muda wa kulala usogezwe mapema kidogo kidogo, na asubuhi kijana atolewe nje apigwe na jua, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoisogeza mapema saa ya mwili. Dada yangu alimtoa uani kama mkeka. Ubaya wa dawa hii ni kwamba inataka majuma ya kulala mapema mfululizo, na bendi hailipi waliolala. Mwenye nyumba naye hapokei jua kama kodi.

Halafu kuna koo. Mtu akilala usiku, nyuzi za sauti huvimba kidogo na koo hukauka. Ndiyo maana hata mwenye sauti nyororo hupokea simu ya alfajiri kwa besi. Mwimbaji anahitaji muda wa kuamka, kunywa maji, kuongea, kisha apashe sauti taratibu. Kwa anayetoka Mbagala, hesabu hiyo ukijumlisha na daladala inamtoa kitandani saa tisa usiku. Yaani siku za kazi mpwa wangu ndiyo kwanza anakuwa ameweka kipaza sauti chini.

Na mwaka jana alifika kwa wakati. Majaji wakaingia saa nne na nusu, mitambo ikawashwa saa tano, na yeye akaitwa saa nane mchana, akiwa anasinzia kwenye kiti cha plastiki. Mkamwandikia kwamba hana uchangamfu.

Kwa kuwa mna imani na asubuhi, tunapendekeza fainali nayo ifanyike saa 1:00, Jumatatu. Mgeni rasmi afike saa 12:30 apange foleni na kupewa namba kifuani. Mdhamini wa bia auze uji. Tutaona tiketi ngapi zitanunuliwa.

Kama hilo ni gumu, tunaomba jambo dogo. Kila mwimbaji apewe saa yake, aitwe kwa saa hiyo, na isiwe kabla ya saa nane mchana. Ukumbi upo, umeme upo, na majaji watakuwa wameshafika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mjomba wa mshiriki.

Nakala: Mlinzi wa ukumbi, kwa kuwa ndiye pekee wa upande wenu aliyekuwepo saa 1:00.